Namna ya Kujadili Kitambulisho na Uthibitisho wa Uraia katika Upigaji Kura Marekani
Kabla ya kuanza, tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila mara: kitambulisho kinachoonyeshwa kituoni, na hati ya uraia inayodaiwa wakati wa kujiandikisha. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu iliikubali sheria ya Indiana ya kitambulisho chenye picha. Ile ya Kansas ya hati ya uraia ilibatilishwa mahakamani mwaka 2018, baada ya kukwamisha maombi ya watu wapatao 31,000.

Anayetetea masharti haya aulizwe yanaongeza nini, kwa kuwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 tayari inamwadhibu asiye raia anayepiga kura ya rais au Bunge. Anayeyapinga naye asilikwepe suala la imani ya wananchi katika matokeo, maana ni hoja halali.

Kisha shukeni kwenye hati zenyewe, na hapa msiharakishe: mwanamke aliyebadili jina alipoolewa ana cheti cha kuzaliwa kisicholingana na leseni yake ya udereva, na leseni hiyo, katika majimbo mengi, haionyeshi kama mwenyewe ni raia. Ulizeni atahitaji karatasi gani nyingine, nani atazilipia, na atapewa siku ngapi kuzitafuta.