Zaka ya duka la kanga: ninavyopiga hesabu

Nauza kanga Ngamiani, Tanga, na hesabu ya zaka naifunga kila 1 Ramadhani. Chagua tarehe yako ya Kiislamu, uishike hiyo hiyo. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355. Ukifuata Januari utachelewa.

Funga duka nusu siku, hesabu doti moja moja. Bei ni ya kuuzia leo, si uliyonunulia. Rafu na cherehani ya kukunjia pindo ziache, hizo huuzi. Ongeza fedha za droo, za benki na za kwenye simu.

Madeni ndiyo yanayoumiza kichwa. Bi harusi aliyekopa doti sita na hulipa kidogo kidogo kila Ijumaa, namhesabu. Yule aliyehama mtaa bila kuaga, simhesabu mpaka alete. Kisha toa anachokudai muuzaji wa jumla.

Kilichobaki kikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu, gawa kwa 40. Mwaka jana nilibaki na shilingi 48,000,000, nikatoa 1,200,000.

Riba iliyoingizwa na benki iondoe kabla ya hesabu. Mpe mhitaji, ila usiiite zaka. Na shoga yangu, baba yako mzazi humpi zaka. Huyo unamlisha tu.