Ng'ombe anayechechemea: uvimbe hutangulia kidonda

Ng'ombe akianza kuchechemea, wengi hutafuta jiwe au msumari, na wasipouona humchoma sindano ya antibayotiki. Kama kati ya vidole hakuna uozo wala harufu mbaya, sindano hiyo mara nyingi ni hasara tupu.

Kati ya gamba la kwato na mfupa wa mwisho wa mguu kuna nyama laini yenye mishipa mingi ya damu. Hiyo ndiyo inayotengeneza kwato. Chini ya mfupa kuna mto wa mafuta unaopunguza kishindo. Ng'ombe akikaribia kuzaa, tishu zinazoushikilia mfupa hulegea. Akikonda wakati wa kukamuliwa, mto nao hupungua. Hapo akisimamishwa muda mrefu kwenye sakafu ngumu, mfupa huikandamiza ile nyama. Nyama huvimba, damu huvia, na kwa kuwa gamba halitanuki, uvimbe wenyewe huzidisha mbano na maumivu. Kwato inayotengenezwa wakati huo huwa dhaifu, na hapo ndipo kidonda hutokea baadaye.

Kwato hukua kama milimita 5 kwa mwezi. Kwa hiyo doa jekundu unaloliona leo ukichonga wayo, mara nyingi kwenye ukucha wa nje wa mguu wa nyuma, ni la madhara ya wiki kadhaa zilizopita. Usilichimbe mpaka damu itoke!

Uvimbe ukijirudia, mfupa huota vijino vya mfupa mpya upande wa kisigino, na hivyo haviondoki. Ndiyo maana aliyewahi kuchechemea huchechemea tena, na ndiyo maana sikubaliani kabisa na ile kauli ya "tumwache kwanza tuone".

Mtazame anapotembea: mgongo umepinda, hatua fupi, kichwa kinacheza kila anapokanyaga. Usingoje anyanyue mguu. Mchonge mapema, gundisha kibao chini ya ukucha mzima ili ule mgonjwa usibebe uzito, na mwombe daktari wa mifugo dawa ya kutuliza uvimbe, kama ketoprofeni. Vyote vitatu kwa pamoja huponya vizuri kuliko kuchonga peke yake.

Kinga kubwa ni kulala. Ng'ombe wa maziwa anahitaji kulala kama saa 12 kwa siku, penye matandiko makavu na laini. Chakula cha nafaka kiongezwe kidogo kidogo baada ya kuzaa, maana wanga mwingi wa ghafla huleta asidi tumboni. Mitamba waliozaa mara ya kwanza wasibanwe na ng'ombe wakubwa. Wakifukuzwa pa kulalia, husimama usiku kucha.