Kabla ya kumtia beta kwenye tangi la mimea lisilo na filta

Anza na ukubwa wa tangi, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu mambo hata kabla ya kumpata beta, huyu samaki mdogo wa mapambo. Lita 20 ndiyo chini kabisa. Ukiweza 40, chukua 40. Na usiniletee habari za mashamba ya mpunga ya Thailand, eti beta kwao anaishi kidimbwini. Maji ya shamba la mpunga ni ya kina kifupi, kweli, lakini yametanda mbali na yamejaa majani, na samaki akikerwa huku anahamia kule. Ndani ya bakuli atahamia wapi? Maji machache huchafuka upesi na kupoa upesi, na wewe umeshaamua kuishi bila filta, kile kifaa cha kuchuja maji, kwa hiyo kosa dogo halina wa kulipunguza makali.

Mfuniko ni lazima, beta huruka. Lakini tangi usilijaze maji hadi juu. Acha sentimita tatu au nne za hewa, kwa sababu samaki huyu ana kiungo cha pekee kichwani, labirinthi, kinachomwezesha kupumua hewa kama sisi, na asipoifikia hewa hiyo hufa hata kama maji ni masafi. Kiungo hichohicho ndicho kinachomfanya afae kwa tangi lisilo na mapovu wala mkondo. Kikumbuke, nitakirudia.

Joto liwe kati ya nyuzi 25 na 28. Tumia hita inayojizima yenyewe, na themometa uiweke upande ulio mbali na hita, kwani bila filta hakuna kinachozungusha maji, na kona moja inaweza kuwa vuguvugu huku nyingine ikiwa baridi.

Maji ya bomba yatiwe dawa ya kuondoa klorini. Najua utasema utaiacha ndoo wazi usiku kucha. Klorini ya kawaida hutoka hivyo, ila sehemu nyingine maji hutiwa kloramini, aina ya klorini inayodumu zaidi, na hiyo haitoki kwa kuachwa wazi. Tia dawa, yaishe.

Udongo, ukiamua kuutumia, uwe wa kawaida usio na mbolea wala samadi wala dawa ya wadudu. Tandaza sentimita mbili au tatu, ufunike kwa mchanga wa unene kama huo. Ukishaufunika, usiuchokoe tena.

Taa iwake kwa muda wa saa 6 hadi 8 kwa siku. Zaidi ya hapo unafuga mwani.

Beta dume awe peke yake. Wawili watauana, na hili sitalieleza zaidi.

Sasa mimea. Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nivumilie.

Nilikuwa nimesoma kila mahali kwamba mimea ndiyo filta. Nikaelewa nilivyotaka kuelewa: ukiwa na mimea mingi, una filta, basi mtie samaki. Nikanunua mimea yenye majani mapana, ya kijani kibichi, yamesimama wima. Nikalijaza tangi. Maji nikayatia dawa, joto nikalipima, na jioni ileile beta akaingia. Tangi lilipendeza kiasi kwamba nilizima taa ya chumba nikakaa kulitazama.

Siku ya nne majani yakaanza kuwa kama kioo, unaona upande wa pili. Siku ya saba yakawa ute. Nikajifariji kwamba mimea inazoea mazingira, na yale yaliyooza nikayaacha palepale nikidhani yatakuwa mbolea. Samaki alikuwa akipanda juu kuvuta hewa kama kawaida yake, basi nikaona hana neno. Hapo ndipo labirinthi iliponipumbaza. Samaki wengine maji yakiwaunguza utawaona wanatweta juu ya maji, na hata mtu asiyejua samaki hushtuka. Beta hupanda juu kila siku akiwa mzima, kwa hiyo ile dalili imefichwa ndani ya tabia. Niliposhtuka, alikuwa amelala chini, mapezi ameyabana mwilini, mashavu mekundu. Nikapima maji: amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki na vitu vinavyooza, miligramu 2 kwa lita. Inayotakiwa ni sifuri.

Kisha nikafanya kosa la pili kwa haraka ileile. Nikamwaga maji yote, nikaosha changarawe na mchanga mpaka vikang'aa, na kwa kufanya hivyo nikaondoa hata wale bakteria wachache wanaokula amonia, waliokuwa wameanza kujishikiza. Siku ya kumi na moja alikufa.

Baadaye mtu anayeotesha mimea ya majini ndiye aliyenifungua macho. Mimea mingi inayouzwa hukuzwa nje ya maji, mizizi ikiwa na unyevu na majani yakiwa hewani, kwa kuwa hukua haraka zaidi hivyo. Ukiizamisha, majani yale ya hewani hayafai tena. Mmea huyaacha yaoze ili uchipue mengine ya kuishi majini. Haufi, unajibadilisha. Lakini kazi hiyo inaweza kuchukua wiki mbili, tatu, hata nne, na muda wote huo badala ya kunywa amonia unaiongeza. Cryptocoryne, mmoja wa mimea hiyo, ndiyo mbaya zaidi kwa tabia hii: hata ile iliyokulia majini hunyauka ukiihamisha tu. Juu ya hayo, udongo mpya nao hutoa amonia wiki za mwanzo. Ndivyo nilivyomtia samaki kwenye tangi lenye vyanzo viwili vya sumu na filta isiyofanya kazi, huku nikijisifu kwa uzuri wake.

Kwa hiyo sikiliza. Angalau nusu ya mimea yako ya kwanza iwe ile inayokua kwa fujo: Ceratophyllum, ambayo haihitaji hata kupandwa, na ya kuelea kama Pistia au Salvinia, ambayo majani yake yako hewani na hayana shida ya kupata hewa ukaa ya kukulia. Anubias ni mmea mzuri na mgumu kufa, lakini unakua polepole mno, usiutegemee kusafisha chochote. (Na shina lake nene usilifukie, litaoza.) Jani lolote linalolegea likate siku hiyohiyo ulitoe.

Halafu subiri. Wiki nne hadi sita ndiyo kawaida, lakini mimi siamini kalenda, naamini mkasi. Kama bado hujalazimika kupunguza mimea kwa sababu imezidi, mimea hiyo haijaanza kazi. Katika kipindi hicho tupia chembe mbili tatu za chakula kila siku kana kwamba samaki yumo, na upime. Amonia sifuri, nitriti (sumu nyingine, ambayo bakteria huitengeneza kutokana na amonia) sifuri, wiki nzima mfululizo, ndipo umlete. Tangi liwe limefunikwa vizuri wakati huo, la sivyo mbu watazaliana humo, kwani mla viluwiluwi vyao hajafika.

Akishaingia, mlishe kidogo. Punje mbili au tatu kwa mlo, na siku moja ya wiki asile kabisa. Atakutazama kama anayedhulumiwa, mwache. Chakula kinachozama bila kuliwa kitoe.

Badilisha robo ya maji kila wiki, usimwage yote kama nilivyofanya, na maji mapya yawe na joto sawa na yale ya ndani. Kujazia maji yaliyopungua kwa mvuke si kubadilisha: maji ndiyo yanayoondoka, uchafu na chumvichumvi vinabaki.

Mimea ya kuelea isizibe uso wote wa maji, acha nusu wazi. Ukiona utando kama wa mafuta juu, lazia karatasi ya shashi uivute taratibu, utatoka nayo. Mmea wenye mizizi mirefu usiung'oe kwa nguvu samaki akiwa ndani, ukate chini. Ukiung'oa unafumua udongo na yaliyomo. Konokono wadogo watatokea wenyewe, usiwapige vita, ila wakizidi ujue unalisha kupita kiasi.

Mikono isiwe na sabuni wala losheni. Dawa ya mbu usipulize chumba hicho. Ndoo ya samaki isifuliwe nguo. Na mimea unayopunguza usiitupe mtoni wala bwawani, Pistia na Salvinia zinaweza kuziba maji yote; ianike juani ikauke kabisa kwanza.