Usikimbilie kufuta rejista za chipu zenye hazitumiki

Wasee wa draiva za opensosi (programu za kuongea na chipu), kabla ufute zile #define (mistari ya kupea namba jina) za rejista (vijisanduku ndani ya chipu vya kuiset na kuisoma) zenye hakuna mahali zimetumika, ngoja kwanza. Hata baiti moja haziongezi kwa programu, na gcc (kompaila ya C), hata ukiwasha maonyo na -Wall, haisemi kitu.

Juzi hapa Kondele nilikuwa nafunga BME280, sensa ya joto na unyevu, ya greenhouse ya anko, joto inasoma poa lakini unyevu ni 0x8000 tu kila wakati, yaani haijapimwa, nikabadilisha waya, nikabadilisha sensa, kumbe mwenye draiva aliweka tu zile rejista alihitaji yeye, 0xF2 haiko na ndiyo inawasha unyevu, halafu ukishaiandika lazima uandike 0xF4 ndio ishike. Ingekuwa kwa heda (faili yenye hizo #define) ningeiona chap, badala ya kukesha na datashiti nikimaliza bando.

Lakini usipitilize. Chipu ndogo weka zote, chipu ya grafiki ni stori ingine, draiva ya AMD kwa Linux heda zake ni balaa, ukitafuta kitu na grep unapotea, hapo weka za bloku (sehemu ya chipu) unayogusa tu. Na usikopi namba za chipu ingine bila kuangalia datashiti, ikiwa makosa na haitumiki nani ataigundua?