Chokoleti ya Viungo vya Pwani kwa Kakao ya Kyela

Kakao haikuwamo katika majahazi ya kale yaliyokuja pwani kwa upepo wa kaskazi na kurejea kwa kusi. Iliki ilitoka Malabar na mdalasini Sri Lanka. Kakao, ambayo asili yake ni Amerika, ilikutana na mdalasini huo baada ya Wahispania kuanza kuutia katika kinywaji cha chokoleti badala ya viungo vya Mexico. Hata karafuu, iliyotoka visiwa vya Maluku, ilifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19 tu. Jambo ambalo mtengenezaji wa leo anaweza kuliiga kwa mabaharia hao ni namna walivyobeba viungo: vikavu na vizima, kwa kuwa kiungo kilichosagwa hupoteza harufu upesi, na kilicholowa huota ukungu.

Kwa kilo moja ya chokoleti, andaa gramu 900 za mbegu za kakao ya Kyela, wilaya ya mkoa wa Mbeya, Tanzania, zilizovundikwa na kukaushwa vizuri, gramu 300 za sukari na gramu 50 za mafuta ya kakao. Viungo ni karafuu tano, punje za iliki gramu 3 na kipande kidogo cha mdalasini. Ichague karafuu yenye kichwa chake, uibinye kikonyo kwa ukucha. Ikiwa nzuri, utaona mafuta yakichomoza. Usizidishe tano, kwani karafuu ikitawala, chokoleti hunuka dawa ya meno.

Kaanga kakao katika oveni kwa nyuzi 130 kwa dakika 25 hivi, hadi harufu kali ya siki ipungue na ile ya keki ianze kusikika. Ikipoa, ivunjevunje na kuipepeta kwa ungo. Ukiondoa maganda utabaki na gramu 650 hivi za chembe.

Viungo navyo viponde kidogo kwenye kinu, uvitie katika mafuta ya kakao yaliyoyeyushwa kwa nyuzi 55, ufunike kwa saa moja, kisha uchuje kwa kitambaa chembamba. Harufu za viungo hivi huyeyuka vyema katika mafuta, na ndiyo maana hatuvichemshi katika maji kama tufanyavyo kwa chai: tone la maji likiingia, sukari hushikana na chokoleti yote ikawa donge.

Saga chembe katika mashine ya mawe, ongeza sukari na mafuta yenye viungo, uiache izunguke kwa saa 24. Asiye na mashine anaweza kutumia kinu, mradi akubali kwamba chokoleti yake itakuwa na chengachenga.

Hatua inayowashinda wengi ni ya kuigandisha. Pasha chokoleti hadi nyuzi 45, ipoze huku ukiikoroga hadi 27, kisha ipandishe hadi 31 na uimimine katika kalibu. Ukiruka hatua hii, itatoka laini na yenye mabaka meupe. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, fanya kazi hii alfajiri au katika chumba chenye kiyoyozi, kwa kuwa chumba chenye nyuzi 30 hakiwezi kuigandisha chokoleti ipasavyo.

Ifunge kwa karatasi isiyopitisha hewa na uiweke mbali na vitunguu na samaki, kwani mafuta ya kakao hunyonya kila harufu iliyo karibu.