Kupima mkono baada ya kiharusi: mwendo na hisia

Andaa kiti kisicho na viegemeo vya mikono, nyundo ya refleksi (mruko wa msuli unapogongwa), pamba, karatasi, penseli, kopo dogo, mpira wa tenisi, saa yenye sekunde na kitambaa cha kufunga macho. Kipimo ni cha Fugl-Meyer, kilichotoka Uswidi mwaka 1975. Kila kipengele hupata 0 asipoweza, 1 akiweza kiasi, 2 akikamilisha, ila refleksi hupata 0 au 2 tu. Mwendo wa mkono wote una alama 66. Hisia zina alama zake 12, na usizijumlishe pamoja: mtu anaweza kuinua mkono vizuri huku hajui uko wapi, na huyo ndiye anayeungua jikoni.

1. Mpe muda. Juni na Julai Moshi kuna baridi, na mzee aliyeteremka na daladala kutoka Kibosho asubuhi hufika misuli imekaza. Mfunike mkono kwa kanga, akae robo saa. Ukimpima papo hapo, utaandika ukakamavu wa baridi kana kwamba ni wa kiharusi.

2. Anza na mkono usioathirika, upate kawaida yake naye aelewe unachotaka. Kisha ule mwingine, mara tatu, uandike jaribio bora.

3. Baada ya kupima refleksi kwa nyundo, mwambie: "Baba, toa mkono kwenye goti la upande wa pili, upeleke kwenye sikio la upande wa mkono wenyewe." Tazama mambo sita, kila moja na alama yake: bega kurudi nyuma, bega kupanda, mkono kutanuka hadi nyuzi 90, kuzungukia nje, kiwiko kukunja, kiganja kugeuka juu. Ndugu aliyemleta atataka kusukuma kiwiko. Mwombe kwa upole akae pembeni, maana alama ni ya alichofanya mgonjwa peke yake. Usiuvute mkono kamwe. Bega lililolegea huteguka kirahisi.

4. Kwa kiganja, mbanishe karatasi kati ya kidole gumba na shina la kidole cha shahada. Ikichomoka ukivuta kidogo, 1, ikikaa, 2. Penseli, kopo na mpira vivyo hivyo.

5. Macho yakiwa yamefungwa, kidole kitoke gotini hadi puani mara 5, haraka. Linganisha mikono miwili: tofauti chini ya sekunde 2 ni 2, sekunde 2 hadi 5 ni 1, sekunde 6 au zaidi ni 0.

6. Hisia ndizo hupimwa vibaya zaidi. Ukiuliza "Unasikia?", wazee wetu watakuitikia ndiyo kwa heshima tu. Uliza, "Nimegusa wapi, mama?", na mara nyingine usiguse kabisa. Asiyeweza kusema aonyeshe kwa mkono mzuri. Kisha mkunje na kumnyoosha kidole gumba taratibu, akuambie kimekwenda wapi. Kishike ubavuni: ukikibana juu na chini, mgandamizo wenyewe unamwambia jibu. Endelea na kifundo cha mkono, kiwiko, bega. Akipatia yote, 2. Robo tatu, 1. Pungufu ya hapo, 0.

Andika tarehe, saa na kiti ulichotumia, urudie vilevile safari ijayo. Alama zikishuka ghafla, mwite daktari siku hiyohiyo.