Mtihani wa Leseni ya Ualimu Marekani: Acheni Dibaji, Mtajeni Mwenye Neno

Nimefundisha Kiingereza na fasihi katika shule za sekondari za kaunti ya Lamu kwa miaka 12. Nilipofika Marekani nikaambiwa kwamba kabla ya kupewa leseni ya kufundisha sharti nifanye mtihani wa kusoma na kuandika, sikuuogopa hata kidogo. Nikaanguka sehemu ya kuandika, nikarudia, nikaanguka tena. Nawaandikia walimu wenzangu mnaojiandaa kuja, na nyinyi mliokwisha kufika mnaofanya kazi za usiku huku vyeti vimelala sandukuni, msije mkaanguka pale pale.

Mambo ya kawaida nayapita upesi. Vyeti vipelekwe kwa shirika la kutathmini vyeti vya kigeni linalokubaliwa na jimbo mnalotaka kufundisha, na nakala ya alama itoke chuoni moja kwa moja, isipitie mikononi mwenu. Barua ya TSC, yaani tume ya walimu ya Kenya, na cheti cha tabia njema mnajua vinavyotafutwa. Vitafuteni kabla ya kupanda ndege. Jina la kusajilia mtihani lilingane na la pasipoti herufi kwa herufi.

Kisha ulizeni jimbo lenu linataka mtihani gani, na muulize kabla ya kulipa senti. Hapa hakuna TSC ya nchi nzima, kila jimbo lina sheria yake. Massachusetts ina mitihani yake iitwayo MTEL tangu 1998, na alama ya kupita ni 240. New York iliufuta mtihani wake wa kusoma na kuandika kwa walimu mwaka 2017. New Jersey haidai tena mtihani wa stadi za msingi tangu Januari 2025. Majimbo kadhaa hutumia Praxis Core, mtihani wa kusoma, kuandika na hesabu, na huo ndio nilioufanya mimi. Kusoma ni maswali 56 kwa dakika 85. Kuandika ni dakika 100: maswali 40 ya kuchagua jibu kwa dakika 40, halafu insha mbili, kila moja dakika 30. Unapiga chapa kwenye kompyuta na hakuna kinachokusahihishia tahajia. Mengi ya majimbo hayo yanataka 156 katika kusoma na 162 katika kuandika. Hesabu nayo ina karatasi yake, siisemi hapa.

Sasa mtego.

Zile insha mbili, ndugu zangu, si za aina moja. Nasema tena, si za aina moja. Ya kwanza inakupa kauli na kutaka useme unakubaliana nayo au la, na kwa nini. Hapo maoni yako na mifano ya maisha yako vinakaribishwa. Ya pili inakupa vifungu viwili vya waandishi wawili wanaolitazama suala moja kwa macho tofauti. Kazi yako ni kumweleza msomaji mambo makuu yanayohusika, ukichota katika vifungu vyote viwili, na kila unapochota umtaje uliyemchotea. Wewe uko upande gani, hakuna aliyekuuliza.

Niliingia insha ya pili na moto ule ule wa ya kwanza. Swali lenyewe silitaji, kwa kuwa kila mtahiniwa huahidi kutolitoa nje. Lakini suala nililijua, nilikuwa na la kusema, nikalisema. Nikakaa kama kadhi kati ya waandishi wale wawili nikatoa hukumu. Nikapata 156 na jimbo langu linataka 162. Nikangoja siku 28 zinazotakiwa, nikarudia, nikapata 160. Zile alama nne nilizoongeza zilitokana na sarufi niliyoisoma usiku na mchana. Mtego nilikuwa bado sijauona.

Aliyenionyesha ni mwalimu mstaafu, mama wa Kimarekani wa rika la mamangu, anayejitolea katika maktaba ya mji wetu kila Jumamosi asubuhi. Nilimpelekea insha niliyoiandika nyumbani kwa swali la mazoezi. Ilianza na maneno kama haya: tangu enzi za mababu elimu imekuwa taa ya mwanadamu, na jamii isiyosoma ni jahazi lisilo na usukani. Alisoma kimya. Akashusha penseli hadi sentensi ya tano, akapiga mstari chini yake na kuniambia, “Insha yako inaanzia hapa.” Zile nne za juu akazifunika kwa kiganja ili nione kwamba hakuna kilichopotea. Hakika hakikupotea kitu.

Kisha akazungushia duara sentensi moja ya katikati. “Haya kayasema nani?”

Nikamjibu, mimi.

“Hapana. Ni ya mwandishi wa kifungu cha pili. Umebadilisha maneno tu, wazo ni lake.”

Nilihesabu maduara aliyoyatia siku ile: mahali saba. Mahali saba nilichukua wazo la mtu bila kumtaja, na sikuwa nimekusudia kuiba.

Nimelifikiri sana jambo hili. Sisi wa Lamu tumelelewa na tenzi. Utenzi hauanzi na kisa. Huanza na bismillahi, ukamsifu Mola na Mtume, mtunzi akaagiza wino na karatasi, ndipo akaingia. Nyumba zetu za Mkomani nazo ndivyo zilivyo: kabla ya ndani kuna daka, kibaraza cha mlangoni, na mgeni hukaa pale akaulizwa hali na habari za safari. Ni adabu ninayoipenda, na watoto wangu nawafundisha. Lakini insha ya dakika 30 haina daka. Mlango uko barabarani, na msahihishaji anataka ukifungua tu akuone umesimama na hoja mkononi. Dibaji yako ataisoma kama dalili kwamba huna la kusema.

Na la mwenye neno ni hivyo hivyo. Kwetu methali haina mwenyewe. Ukisema “wahenga walisema” umemaliza. Huku wazo lina mwenyewe kama mnazi wa shamba ulivyo na mwenyewe, na nazi ikianguka njiani bado ni yake. Mwanafunzi wa chuo anaweza kufukuzwa kwa sababu hii. Mwanzoni niliona ni uchoyo. Sasa nawapa haki yao, maana mwalimu asiyeweza kutenganisha alichosoma na anachofikiri yeye atamfundishaje mtoto kutenganisha? Ninachowalaumu ni kwamba mdomoni wao wenyewe ni watu wa kuzunguka. Mkuu wa shule atakuambia somo lako lilimfurahisha sana, nawe utangoja simu yake mpaka uchoke. Unyoofu wanaoudai karatasini, uso kwa uso hawautaki. Mgeni lazima ajifunze yote mawili, na hakuna anayemwambia.

Dawa mnayo tayari. Ni ule ufupisho tuliowafundisha watoto kwa ajili ya karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya. Mnakumbuka tulivyowakazania: matayarisho kwanza, kisha nakala safi, na usitie neno lako. Insha ya pili ni ufupisho wa vifungu viwili vilivyofumwa pamoja. Mara ya tatu nilitumia dakika nane kwa matayarisho. Nilichora mstari katikati ya karatasi niliyopewa ya kuandikia rasimu, kushoto hoja za mwandishi wa kwanza, kulia za wa pili, nikaunganisha kwa mishale palipokubaliana na palipogongana. Nilipoanza kupiga chapa, kila aya ilimtaja mtu. Nikapata 166. Kwa hiyo kabla hujaandika neno, jiulize: hii ni ile inayotaka maoni yangu, au ile isiyoyataka? Jiulize tena ukifika katikati.

Mtego huo huo umejificha katika kusoma pia. Katika mazoezi nilikutana na kifungu kuhusu mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kwetu Lamu, na boriti nimeziona zikipakiwa majahazini tangu utotoni. Swali liliuliza, kwa mujibu wa mwandishi, kwa nini mikoko inakatwa. Nikachagua ujenzi. Mwandishi alikuwa amesema mabwawa ya kufugia kamba, basi. Nililolijua ni kweli na jibu likawa kosa. Jibu liko ndani ya kifungu. Ukiona unalitafuta kichwani mwako, rudi ulikotoka.

Yale maswali 40 ya sarufi hayana fumbo kubwa. Kinachotuumiza ni Kiingereza chetu cha Kenya tunachokiona sahihi kwa kuwa kila mtu anakisema: “discuss about,” “equipments.” Yaandikeni makosa ya namna hii katika daftari kila mnapoyagundua. Na kumbukeni kuna sentensi zisizo na kosa lolote, na jibu la “hakuna kosa” limewekwa ili litumike.

Nina neno na jamaa zetu pia, na nalisema kwa mapenzi. Khalati yangu wa Langoni aliwatangazia mtaa mzima kwamba nimeshaanza kufundisha Marekani, wakati mimi nasubiri matokeo ya mara ya pili. Karo zikaanza kuniandama. Khalati, namba ya TSC haivuki bahari na miaka 12 ya chaki haimwondolei mtu mtihani. Mtu aliyeshindwa mara mbili ana aibu yake ya kubeba, msimwongezee na harambee. Binamu yangu naye alinipigia kutoka Malindi akisema kuna kijana anayewapatia watu leseni ya ualimu ya Marekani bila mtihani kwa shilingi kadhaa. Hakuna kitu hicho. Leseni inatoka kwa jimbo, na jimbo linapata alama kutoka kwa wenye mtihani. Yeyote anayesema atakufanyia mtihani au atakupa maswali mapema anachukua pesa zako pamoja na jina lako, na jina likishaandikwa la mdanganyifu halifutiki kwa radhi. Msilipe. Hata akiwa ni mtoto wa jirani mliyemlea, msilipe.

Wakati mnasubiri, mwenye shahada na kibali cha kufanya kazi aulize ofisi ya elimu ya mji wake kuhusu kazi ya kushika zamu ya mwalimu asiyekuwapo, au ya msaidizi darasani. Mimi ndiko nilikojifunza jinsi watoto wao wanavyofundishwa tangu wadogo kusema “mwandishi anasema” kabla ya kusema “mimi naona.” Mtoto wa miaka tisa hulisema bila kufikiri.

Binti ya ndugu yangu anafundisha Faza na ana nia ya kuja. Tulipatana aniletee insha moja kwa WhatsApp kila Ijumaa jioni: vifungu viwili vya magazeti, dakika 30, saa mezani. Ya kwanza ilikuwa na aya mbili za dibaji, nzuri hasa, nikazikata zote. Alinuna. “Ami, umenikatia shingo.” Wiki iliyofuata akakata mwenyewe moja, ya pili akaibakiza. Ijumaa iliyopita sentensi yake ya kwanza ilikuwa na majina ya waandishi wote wawili na jambo wanalobishania. Nikampigia simu badala ya kumwandikia, nikamwambia sasa atafute tarehe ya mtihani.